Huzuni na Deni Katika Dua Moja

Mtu akikaa msikitini wakati usio wa swala, watu humtambua. Hakuja kungoja adhana, kwa kuwa adhana bado iko mbali, wala hakuja kulala, kwa kuwa macho yake hayafumbi. Abu Dawud amepokea kisa cha mtu wa namna hiyo kutoka kwa Abu Said al-Khudri. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia msikitini siku moja akamkuta Ansari mmoja aitwaye Abu Umama ameketi, akamuuliza ana nini hata yupo hapo saa kama ile. Abu Umama hakuzunguka. Alisema ameandamwa na mawazo na madeni. Ndipo akafundishwa maneno ya kusema kila asubuhi na kila jioni.

Wanavyuoni wa hadithi wamekwisha kusema juu ya udhaifu wa mapokezi ya kisa hicho, na ni haki msomaji alijue hilo. Dua yenyewe haina mgogoro. Imo katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik, ambaye alikuwa kijana akimtumikia Mtume katika msafara wa Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, na ambaye anaeleza kwamba alikuwa akimsikia akiirudia mara kwa mara kila walipotua. Yaani haikuwa dua ya mkeka na mwanga hafifu peke yake. Ilikuwa dua ya njiani pia, baina ya mizigo na ngamia, ya mtu mwenye umma mabegani mwake.

Anayeiomba hujikinga kwa Mwenyezi Mungu na mambo manane, yamepangwa mawili mawili. Mawazo ya linalokuja na huzuni ya lililopita. Kutoweza na uvivu. Ubahili na woga. Mwisho, uzito wa deni na kuzidiwa nguvu na watu.

Nimeisikia dua hii tangu sijaijua maana yake, kama wanavyoisikia watoto wengi wa Lamu, ikitoka kinywani mwa mtu mzima anayevuta tasbihi huku jicho moja likiangalia chungu jikoni. Kinachonishika kila nikiifikiri ni majirani iliopewa huzuni. Haikuwekwa mbali, katika chumba chake cha pekee moyoni, ionekane ni jambo la roho tu. Imeketishwa safu moja na deni, ambalo lina mwenyewe na lina siku ya kulipwa. Imeketishwa na uvivu, ambao kila mtu anaujua mwilini mwake. Imeketishwa na nguvu za watu, na hao watu wana majina na wana ofisi. Aliyepanga maneno haya alijua kwamba mwenye huzuni huwa pia hana nguvu za kuinuka, na asiyeinuka hashiki kazi, na asiye na kazi hukopa, na aliyekopa huinamisha kichwa mbele ya aliyemkopesha. Mtu akiisoma kwa kituo ataona maisha ya mtu mzima yamepita mbele yake.

Lamu ni mahali pazuri pa kuifikiria dua hii, na sisemi hivyo kwa sababu ya sifa za watalii. Mji wenyewe ni mdogo, lakini una misikiti zaidi ya 20, mmoja wao, Msikiti wa Pwani, ukiwa na tarehe ya mwaka 1370. Mtu anaweza kutoka nyumbani kwake mtaa wa Mkomani akafika mtaa wa Langoni bila kukosa sauti ya anayesoma. Baada ya Isha husomwa Ratibu ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad, sharifu wa Tarim huko Hadhramaut aliyefariki mwaka 1720, na watu wa Lamu wameisoma kwa vizazi hata watoto wanaijua kabla hawajaweza kuiandika. Majumbani kuna nyiradi za wanawake, ambazo hazitangazwi na kipaza sauti. Bibi anayeamka kabla ya alfajiri na kukaa kitandani na kitabu kidogo kilichochakaa pembe anawataja wanawe mmoja mmoja: aliye Mombasa, aliye Jeddah, aliye baharini, na yule asiyepiga simu. Majina hayo hayamo kitabuni. Anayatia mwenyewe, katikati ya Kiarabu, kwa Kiamu chake, na haoni kwamba amechanganya.

Watu wa visiwani wana jamaa yao mwingine katika dhiki, naye ni Nabii Yunus. Alitupwa kutoka chomboni, akamezwa, akaita akiwa ndani ya giza juu ya giza. Mtu ambaye amewahi kushikwa na kusi nje ya Kiwayu, au aliyepita Mkandani usiku maji yakiwa yametoka na mikoko imemsonga pande mbili, hahitaji mfasiri wa kumweleza giza hilo. Na maneno ya Yunus, yaliyomo katika Suratul Anbiyaa, yana jambo la ajabu: hayaombi kitu. Anamkiri Mola kuwa ni mmoja, anamtakasa, anakiri kosa lake, basi. Hasemi nitoe. Nimewasikia masheikh wakisema kwamba hiyo ndiyo adabu ya juu kabisa ya kuomba, na sina ubishi nao. Lakini nafurahi kwamba mafundisho ya dini yetu hayakutuachia dua ya Yunus peke yake. Kuna siku mtu hana uwezo wa adabu ya juu. Ana mkopo, mtoto mgonjwa na mashua iliyotoboka, na anahitaji maneno yanayosema mkopo, yanayosema kushindwa. Hayo ndiyo aliyopewa Abu Umama.

Naja sasa kwenye jambo linaloniuma. Tumeizoea sana amri ya subira, hata tumeifanya kifuniko. Mwanamke amefiwa. Jeneza limetoka, wanaume wamelifuata msikitini na kisha makaburini, talkini imesomwa, na nyumbani matanga yamekaliwa. Mfiwa analia. Haichukui dakika nyingi kabla sauti haijatoka pembeni: “Nyamaa, mwanangu. Subiri.” Anayesema ana nia njema, na mara nyingi ni mtu aliyezika wake pia. Lakini neno limewahi mno kufika. Limefika kabla hajaulizwa ana nini.

Tazama ni nani waliosifiwa kwa subira katika Qur'ani. Nabii Ayub alimwita Mola wake akasema wazi kwamba madhara yamempata, na Mola huyohuyo, katika Suratu Sad, anashuhudia kwamba alimkuta ni mwenye kusubiri. Kilio chake hakikumwondolea sifa. Nabii Yaakub alisema subira njema tangu siku alipoletewa kanzu ya Yusuf yenye damu ya uongo, kisha akahuzunika miaka mingi hata macho yake yakapofuka. Wanawe walipomlaumu kwamba atajiua kwa kumkumbuka Yusuf, alijibu kuwa mashitaka yake na huzuni yake anampelekea Mwenyezi Mungu. Hakukana huzuni. Hakusema yeye ni mtume na mitume hawahuzuniki. Aliwaambia tu anakoipeleka.

Na Mtume wetu mwenyewe, mtoto wake Ibrahim alipokuwa akikata roho katika mwaka wa 10 wa Hijra, alitokwa na machozi mbele ya watu. Abdurrahman bin Auf alistaajabu akamuuliza, hata wewe? Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema, na kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Kabla ya hapo, Makka, alikuwa na mwaka mzima ambao wanahistoria wa dini wameupa jina la huzuni, kwa sababu ndani yake alimpoteza mkewe Khadija na ami yake Abu Talib. Hawakuuita mwaka wa subira, ingawa alisubiri. Waliuita kwa lile lililotokea.

Waliojenga Lamu walijua kwamba huzuni inahitaji nafasi. Katika nyumba za mawe za zamani kuna chumba kiitwacho nyumba kati, nyuma ya chumba kiitwacho ndani, mbali na daka la mlangoni ambako wageni hupokewa. Humo wanawake walizalia, na humo maiti alioshwa. Fundi aliyechora nyumba alianza kwa kukubali kwamba watu watafia humu, akaweka mahali pake. Mjane naye ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, muda ambao sheria imeupima na hakuna mtu mwenye haki ya kumharakisha. Ukiniuliza, jamii iliyotenga chumba na miezi kwa ajili ya huzuni haina sababu ya kuitaka ikauke siku ya tatu pamoja na hitima.

Kuna ubishi mwingine ambao sitaupa nafasi kubwa. Wako wanaosema dua za pamoja, kusoma Badri, kuandika kombe kwa zafarani na marashi ili mgonjwa anywe, ni mambo yasiyo na asili. Wako wanaojibu kwamba asili wanayo, na wanaitoa. Mabishano haya yana zaidi ya miaka 80 katika pwani yetu, tangu zama za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kule Mombasa, na kila upande una watu wa elimu na wacha Mungu. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili huisoma dua ya Anas bila tofauti hata ya herufi, na kwamba aliye na deni hulala na deni lake upande wowote aliopo.

Lililo na uzito zaidi kwangu ni historia ya msikiti wa Riyadha. Mwanzilishi wake, Habib Saleh bin Alawi Jamalil Layl, sharifu aliyetoka Ngazija, alifika Lamu katika karne ya 19, akaufanya mtaa wa Langoni kuwa kwake. Wakati ule elimu ya dini ilikuwa kama mali ya nyumba chache. Watumwa, waliotoka utumwani na watu wanyonge waliokuja kutafuta maisha hawakuwa na nafasi darasani, na baadhi ya wakubwa wa Mkomani hawakupendezwa alipowafungulia mlango. Aliwasomesha, akawaachia twari na sauti zao ziingie katika maulidi, akawatibu kwa Qur'ani. Alifariki katikati ya miaka ya 1930, na hadi leo mfungo sita watu hufika kutoka Komoro, Zanzibar, Tanga na Uganda kwa ajili ya maulidi ya Riyadha na ziara ya kaburi lake. Wengi humkumbuka kwa karama. Mimi humkumbuka kwa jambo moja: aliwatazama watu waliokuwa wamezidiwa nguvu na watu, na hakuwaambia wasubiri nje. Huwezi kumfundisha mtu kuomba kinga ya kuonewa huku unamwonea.

Deni. Hapa ndipo dua inapofika pwani, chini ya magati, kwenye mashua. Mvuvi wa Kizingitini au wa Faza ambaye hana nyavu zake wala mashine yake huzipata kwa tajiri, na tajiri hupata samaki kwa bei aipangayo yeye. Msimu ukiwa mzuri hesabu husogea. Kusi ikivuma kwa nguvu na bahari ikafungwa, mvuvi hukopa unga na mafuta kwa tajiri yuleyule. Hakuna aliyeandika mkataba na hakuna aliyevunja sheria. Mtu anaweza kuvua maisha yake yote, akajua kila mwamba kuanzia Ndau hadi Manda, na bado akamwachia mwanawe kile alichoachiwa na baba yake, yaani deni. Mwambie mtu huyu kwamba huzuni ni jambo la moyo tu, uone atakavyokutazama.

Kisha yakaja makubwa kuliko tajiri. Tarehe 15 Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na katika siku zile, mjini humo na vijiji vya karibu, waliuawa watu zaidi ya 60. Misiba ile ilikuwa ya watu wa bara kwa wingi, Wakristo kwa wingi, na napenda kusema hapa kwamba machozi yao yalikuwa ya Lamu pia. Mwezi uliofuata serikali ilitoa amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima. Isha na Alfajiri zikaingia ndani ya saa zilizokatazwa, na watu waliozoea kuisoma Ratibu kwa pamoja wakaisoma ndani, milango imefungwa. Kwa wavuvi, kuvua usiku kulikuwa na marufuku yake kwa sababu ya usalama, nayo ilidumu kwa miaka. Samaki wengi huvuliwa usiku. Sijui kama waliotoa amri walikuwa na nia mbaya, na sidhani. Lakini amri njema nayo huweza kuacha sufuria tupu. Mwaka 2018 ikaja amri nyingine ya kusimamisha ukataji wa miti nchini, nayo ikawafikia wakata mikoko wa Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ambao walikuwa wakiishi kwa boriti tangu mababu.

Na bandari. Katika ghuba ya Manda kulichimbwa na kufukuliwa ili meli kubwa zipate kina, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu likafunguliwa Mei 2021. Wavuvi walioona maji yamechafuka na mazalio ya samaki yamefunikwa walifanya mambo mawili. Waliomba dua, kama ilivyo desturi yao. Na walikwenda mahakamani. Kesi ilifunguliwa mwaka 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Malipo yakachelewa, rufaa zikaingia, mazungumzo yakafuata mazungumzo. Lakini hukumu ipo. Mwaka uliofuata, Juni 2019, leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Lamu ikafutwa na baraza la rufaa la mazingira, baada ya wenyeji kuipinga.

Nawajua watu wanaotenganisha mambo haya. Wa upande mmoja husema: waliopigania haki walikuwa na mawakili, dua iliingiaje? Wa upande wa pili husema: mambo yako mikononi mwa Mungu, mahakama ya nini? Ninawasihi wote wawili waisome dua ile upya. Katika mambo yale manane, baada tu ya huzuni, kumetajwa kutoweza na uvivu, na baada yake ubahili na woga. Mtu anayeomba kila asubuhi na jioni aepushwe na woga hawezi kusema kwamba dua yake inamtaka akae. Ameomba miguu. Akipewa miguu atakwenda wapi, kama si pale alipoonewa? Kesi ya wavuvi wale naiona kama sehemu ya dua ileile, imeandikwa kwa lugha ya mawakili na kugongwa muhuri.

Hata hivyo sitaki kuifanya dua kuwa chombo cha siasa tu. Kuna huzuni ambayo hakuna mahakama itakayoipokea, na juu ya hiyo tuna ushahidi wa mtu wetu wenyewe.

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, alikuwa mjane na mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka, mkuu wa Siyu aliyemsumbua Sultani wa Zanzibar kwa miaka, alikuwa amefariki yapata miaka miwili kabla. Ugonjwa wake, kwa maneno yake, ulikuwa umekwisha kutimiza mwaka. Alimwita bintiye, Mwana Hashima, akamtungia utendi. Shuleni tumefundishwa kuusoma kama somo la mke na mume: jinsi ya kumpokea, kumpamba, kumridhisha. Wengine wameusifu kwa hayo na wengine wameuchukia kwa hayo. Wote wawili, naona, wameishia katikati.

Mafunzo ya ndoa yanapokwisha, Mwana Kupona anamgeukia Mungu, na hamgeuki kwa beti mbili za kufungia kama ilivyo mazoea ya watunzi. Anakaa huko. Anaomba kwa kituo, ubeti baada ya ubeti. Anawaweka wanawe katika amana ya Mola, anawaombea jamaa zake, anawaombea Waislamu, anaomba maradhi yamwondokee, anaomba mwisho mwema. Mwanamke aliyekuwa akimwelekeza mwingine mambo ya nyumbani kwa sauti ya mtu mwenye uhakika ameiweka sauti hiyo chini, na sasa ni yeye ndiye anayehitaji. Anamfundisha bintiye kitu kingine, ambacho hakukitaja kuwa ni funzo: namna mtu mzima anavyoomba akiwa hana kitu kingine mkononi. Angeweza kuomba peke yake kitandani, lakini ameiandika dua yake mahali ambapo mtoto ataisoma. Kwa maana hiyo Mwana Hashima alirithi hofu ya mama yake pamoja na hekima yake, na naamini kwamba mtoto aliyeiona hofu ya mzazi ikipelekwa mahali pake hatatishika sana siku hofu yake mwenyewe itakapofika.

Mwana Kupona alifariki karibu mwaka 1860. Hili ni jambo ambalo kila anayeandika juu ya dua analipitia mbio, na mimi sitaki kulipitia mbio. Aliomba shifaa, na shifaa ya aina aliyoiomba haikuja. Miaka michache baada yake, mwaka 1863, Siyu aliyoitetea mumewe ikashindwa na majeshi ya Sultani Majid. Tuna hadithi, iliyopokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Abu Said al-Khudri huyohuyo, kwamba dua isiyokuwa na dhambi wala kukata udugu haipotei: ama mtu hupewa alichoomba, ama huwekewa akiba ya akhera, ama huepushwa na baya la kadiri yake. Naiamini. Lakini naona pia kwamba masahaba walipoisikia hawakunyamaza wakaridhika. Walijibu kwamba basi wataomba kwa wingi. Jibu lao halikuwa la watu waliopewa maelezo ya kuwatuliza. Ni jibu la watu waliopata ruhusa.

Ukiuliza ruhusa hiyo aliitumiaje Mwana Kupona, jibu limo katika karatasi zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu na kupitishwa kwa mikono ya wanawake wa Lamu na Pate, ambao wengi wao waliuhifadhi utendi wake kwa moyo tangu kabla haujapigwa chapa. Walipofika kwenye beti za mwisho hawakusimama kusema kwamba mwenye dua amekwisha kufa na maradhi yake. Waliendelea kusoma, kila mmoja akiwa na mgonjwa wake kichwani, na wana wake, na yule aliye baharini.